Folda nimeshea kwenye Ubuntu mpya, Windows inagoma kuifungua, ila Ubuntu ya zamani inakubali vizuri tu

Steshenari_Moro:

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa mwenye uelewa na Linux maana hili jambo linanikwamisha kazini na wateja hawana subira. Nina steshenari hapa Morogoro, tunachapa, tunaskani, tunaprinti, sanasana ripoti za wanafunzi wa vyuo na barua za maombi ya kazi. Kompyuta mbili zina Ubuntu 22.04, niliamua hivyo kwa sababu ya virusi vya flashi za wateja, unajua wenyewe ile folda inageuka njia ya mkato na kazi ya mtu haionekani. Ya tatu iko mapokezi ina Windows 10 na ndiyo imeunganishwa na printa kubwa. Utaratibu wetu flashi ya mteja inachomekwa Ubuntu, kazi inawekwa kwenye folda inaitwa Kazi, halafu dada wa mapokezi anaifungua kwa netiweki anaprinti.

Sasa Ubuntu ya zamani haina neno, inafunguka muda wote. Hii mpya nimeiseti kila kitu vilevile, klik ya kulia kwenye folda, nikachagua kushea, nikaweka tiki ya kuruhusu wengine waandike na tiki ya wageni, ikaniomba kuongeza ruhusa kwenye folda nikakubali. Kwenye Windows jina la folda linaonekana kabisa lakini ukibofya inasema haiwezi kuifikia. Nimejaribu kutoka kwenye hiyohiyo Ubuntu kwa terminali nimepata hivi:

smbclient //localhost/Kazi -N
tree connect failed: NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME

Jina nimelihakiki, ni Kazi, herufi zote sawa. Ping inakubali pande zote, samba (ile programu ya Linux ya kushea folda na Windows) inafanya kazi, fayawoli haijawashwa. Kwa nini moja ikubali nyingine ikatae na zote ni 22.04?

mtaalam_bure:

Hiyo ni ruhusa tu mkuu usiumize kichwa. Piga hii umalize kazi

sudo chmod -R 777 /home/jinalako

Alafu na kwenye Windows nenda washa SMB1, ile njia ya zamani ya kushea mafaili, kwenye zile sehemu za kuongeza huduma, itakubali fasta. Mimi ofisini nafanya hivyo siku zote

Fundi_Terminali:

Mkuu Steshenari tafadhali USIPIGE hiyo amri ya hapo juu, naomba sana. Na wewe mtaalam nakuheshimu ila hilo ni jambo la hatari kumpa mtu mwenye kazi za wateja. 777 (ruhusa zote kwa watu wote) kwa nyumba nzima ya yuza, yaani folda yake ya /home, maana yake kila kilichomo humo, paswedi zilizohifadhiwa na brauza, barua, nyaraka, kinaweza kusomwa na kufutwa na yuza yeyote wa hiyo mashine. Halafu kama anatumia ssh (ya kuingia kwenye mashine kwa mbali), funguo zake zitakataliwa kwa sababu ssh yenyewe haikubali faili la funguo lililo wazi kwa kila mtu. Na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi kubwa kwa sababu ile -R inafuta kumbukumbu ya kila faili lilikuwa na ruhusa gani.

SMB1 ndio kabisaa achana nayo. Kile kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilichofunga kompyuta za hospitali Uingereza na sehemu nyingi duniani kilikuwa kinapitia humohumo kwenye SMB1. Samba wenyewe waliizima kuanzia toleo la 4.11 mwaka 2019, na Windows 10 nayo ilianza kuiondoa tangu mwishoni mwa 2017. Na hapa wala haihusiki, kwa sababu jina la folda analiona, maana yake mazungumzo kati ya mashine yapo.

Mkuu nipe matokeo ya hizi mbili. Ya kwanza piga kwenye mashine zote mbili, ya pili kwenye hii mpya tu:

ls -ld /home/*
namei -l /home/jinalako/Kazi

Na niambie, ile ya zamani ulipiga 22.04 moja kwa moja au ilipandishwa kutoka toleo la nyuma?

Steshenari_Moro:

Asante mkuu, sijaipiga. Ile ya zamani ilikuwa 20.04 ikaja kupandishwa kwa apdeti, hii mpya imepigwa 22.04 kwa flashi. Matokeo haya:

zamani: drwxr-xr-x moro moro /home/moro
mpya: drwxr-x--- moro moro /home/moro

Na ile namei kwenye mpya:

drwxr-xr-x root root /
drwxr-xr-x root root home
drwxr-x--- moro moro moro
drwxrwxrwx moro moro Kazi

Fundi_Terminali:

Umeshajibu mwenyewe dada (au kaka, nisamehe), angalia mstari wa tatu kutoka juu. Folda ya Kazi iko wazi mpaka mwisho, rwx (kusoma, kuandika, kupita) kwa wote. Lakini folda inayoibeba, yaani /home/moro, mwisho wake ina vistari vitatu ---, maana yake mtu asiye moro na asiye kwenye kundi la moro haruhusiwi hata kupita. Ni kama nyumba ambayo chumba kiko wazi ila geti la nje limepigwa kufuli, mgeni atafikaje chumbani?

Na mgeni wa samba anapoingia bila paswedi, Linux inamtambua kama yuza anayeitwa nobody. Huyo nobody sio moro na hayuko kwenye kundi la moro. Anafika /home anapita, anafika /home/moro anazuiwa. Samba inashindwa kuifikia njia ya folda kwa hiyo inaijibu mashine inayoomba kwamba hilo jina halipo, ndio hiyo BAD_NETWORK_NAME, inapoteza watu wengi sana wanaanza kuhangaika na majina wakati tatizo ni ruhusa. Ukitaka kuthibitisha fungua faili za logi ndani ya /var/log/samba utakuta mstari wenye maneno canonicalize_connect_path failed na mbele yake njia ya folda yako.

Sasa kwa nini ya zamani inakubali. Kuanzia Ubuntu 21.04 waliamua nyumba ya kila yuza mpya iundwe na ruhusa 750 (yuza wengine hawapiti) badala ya 755 ya zamani (wengine wanapita na kusoma), kwa ajili ya faragha, na kwa kweli ni uamuzi mzuri. Ila mashine iliyopandishwa kutoka 20.04 nyumba yake haiguswi, inabaki 755 kama ilivyokuwa. Ndio maana una 22.04 mbili zenye tabia tofauti. Kile kidirisha cha kushea nacho kinaongeza ruhusa kwenye folda uliyoichagua tu, hakiangalii folda za juu yake, na hapo ndipo ningependa wahusika wakirekebishe maana mtu wa kawaida atajuaje.

Njia ziko tatu.

Ya haraka ni kufungua /etc/samba/smb.conf na chini ya [global] kuongeza

force user = moro

halafu sudo systemctl restart smbd. Hapo kila atakayeingia anahesabiwa kama moro mwenyewe, geti linamtambua. Itafanya kazi sasa hivi. Ubaya wake yeyote aliye kwenye waifai yako anaweza kufuta kazi za wateja na hutajua ni nani.

Ya pili ni chmod o+x /home/moro, inaruhusu kupita tu bila kuorodhesha kilichomo. Siipendi sana, kwa sababu faili yoyote ya ndani yenye ruhusa ya kusomwa na wote itasomeka kwa anayejua jina lake.

Ya tatu ndio ningeifanya mimi kwa biashara kama yako, kuitoa folda kabisa nyumbani kwa yuza uiweke /srv, na kila mfanyakazi awe na jina lake na paswedi yake ya samba. Swali kabla sijaandika, wateja wako wanatumia waifai hiyohiyo ya ofisi?

Steshenari_Moro:

Ndiyo, wanaosubiri kazi huwa tunawapa waifai, tena wengi wanatuma kazi kwa WhatsApp kwenye namba ya ofisi. Basi naomba hiyo ya tatu, mle kuna vyeti vya watu, vitambulisho vya NIDA, sitaki mtu aliyekaa benchi na simu aweze kuvifungua. Na ni dada, haina shida 🙏

Fundi_Terminali:

Sawa dada, kama ni vitambulisho vya watu basi usiache mgeni hata dakika. Kwanza ondoa kushea ile ya klik ya kulia isije ikagongana na hii. Halafu:

sudo groupadd ofisi
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chown root:ofisi /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi
sudo usermod -aG ofisi moro

Ile 2 ya mbele ni ya muhimu, inafanya kila faili jipya linaloundwa humo lirithi kundi la ofisi, bila hiyo leo unahifadhi wewe kesho wa mapokezi anashindwa kulirekebisha. Sasa yuza wa mapokezi, huyu hahitaji kuingia kwenye Linux yenyewe, anahitaji samba tu:

sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi mapokezi
sudo smbpasswd -a mapokezi
sudo smbpasswd -a moro

Zingatia paswedi ya samba inakaa peke yake, sio ile ya kuingilia Ubuntu, hata zikifanana. Watu wengi wanakwama hapa, wanabadilisha ya Ubuntu wakidhani na ya samba imebadilika.

Mwisho kabisa wa smb.conf ongeza:

[kazi]
path = /srv/kazi
read only = no
valid users = @ofisi
force group = ofisi
create mask = 0660
directory mask = 2770

Piga testparm uone kama kuna ulipokosea herufi, kisha sudo systemctl restart smbd. Wewe moro toka kwenye akaunti uingie tena ndio kundi jipya lishike. Kwenye Windows andika juu kwenye njia ya folda \\ ikifuatiwa na IP ya Ubuntu, halafu \kazi. IP utaipata kwa hostname -I.

saiba_mombasa:

Salaam ndugu zangu. Fundi amemaliza kila kitu, mimi naongeza tu mambo ya huku upande wa Windows kwa sababu saiba yangu iko hivyohivyo, seva ni Linux na mashine za wateja ni Windows.

Dada, ile Windows huenda imeshika kumbukumbu ya kuingia kama mgeni, na Windows haikubali majina mawili tofauti kwa seva moja wakati mmoja. Kwa hivyo kabla ya kujaribu fungua cmd uandike

net use * /delete

ukubali, ndio ufungue tena folda ikuulize jina. Hapo weka mapokezi na paswedi ya samba. Ile PIN ya kufungulia Windows haihusiki hapa hata kidogo. Ikikataa andika jina likiwa na IP mbele, mfano 192.168.1.20\mapokezi, kwa sababu Windows hupenda kubandika jina la kompyuta yake yenyewe mbele ya yuza na samba ikachanganyikiwa.

Halafu jambo jingine, siku utakaponunua mashine ya Windows 11 Pro utashukuru kwamba umetoka kwenye mambo ya mgeni. Kuanzia toleo la 24H2 wamefunga kuingia kama mgeni, ukijaribu inakwambia sera za usalama za shirika lako zimezuia. Watu wanaanza kutafuta hilo shirika ni lipi na duka ni lake peke yake. Kwa jina na paswedi inapita bila neno.

Steshenari_Moro:

Wakuu Mungu awabariki, IMEKUBALI! Mapokezi amefungua, ameprinti, na faili alilorekebisha yeye nimeweza kulirekebisha na mimi bila kelele. Nimejaribu na simu yangu kwenye waifai, inaomba paswedi, mgeni hapiti. Ile net use nayo ilihitajika kweli, mwanzo ilikuwa inakataa bila hata kuuliza jina.

Limebaki moja dogo. Jana umeme ulikatika ukarudi, asubuhi mapokezi ananiambia folda haipo. Kuangalia IP ya Ubuntu imebadilika kutoka 20 kwenda 23. Hapa kwetu umeme unakatika sana, nitakuwa nabadilisha kila siku?

saiba_mombasa:

Hapana usibadilishe kila siku. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP, ile inayogawa IP, kuna mahali pa kutunzia mashine IP yake kwa kutumia namba ya MAC, yaani namba ya kadi yake ya netiweki. Ukishaifungia 20 basi ruta hata izime mara ngapi itampa 20 huyohuyo. Ni bora kuliko kuiandika kwa mkono ndani ya Ubuntu maana hapo ruta inaweza kumpa simu ya mteja namba ileile zikagongana. MAC utaiona ukipiga ip a, iko mbele ya neno link/ether. Chukua ya waya kama unatumia waya, ya waifai ni nyingine.

Na ukiwa humo kwenye ruta, kama ina uwezo wa kuwasha waifai ya wageni iwashe, wateja wakae huko na jina lake na paswedi yake. Ruta nyingi waifai ya wageni haiwezi kuona mashine za ndani, kwa hivyo hata akijaribu kubahatisha paswedi ya samba hafiki. Ila usije ukaunganisha kompyuta ya ofisi huko kwa bahati mbaya, mtatafutana.

Fundi_Terminali:

Hapo kwa waifai ya wageni naunga mkono asilimia mia. Na kama unataka Ubuntu ionekane yenyewe kwenye sehemu ya Network ya Windows bila kuandika IP, piga sudo apt install wsdd. Zamani kazi ya kujitangaza ilifanywa na mambo yaleyale ya SMB1, yalipozimwa Linux ikapotea kwenye ile orodha na ndio watu wakaanza kuambiana wairudishe. wsdd inajitangaza kwa njia inayotumiwa na Windows za sasa. Sio lazima, folda inafunguka hata bila hiyo.

Picha_za_Harusi:

Samahani wakuu naingilia uzi, tatizo langu linafanana ila mimi ni eksteno. Napiga picha za harusi, nina eksteno ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows) imechomekwa kwenye Ubuntu, inakuja kwenye /media/juma/PICHA. Nimeishea, mhariri wangu kwenye laptopu yake anaona jina hafungui. Nimesoma hapo juu nikapiga chmod kwenye folda za eksteno na haibadiliki kitu kabisa, inabaki vilevile

Fundi_Terminali:

Karibu, wala hujaingilia, ni tatizo lilelile kwa sura nyingine. Piga namei -l /media/juma/PICHA utaona. Ubuntu inapofungua diski ya nje yenyewe inaunda /media/juma na kuiwekea ruhusa ya juma peke yake, kwa hiyo hata humo nobody anaishia njiani. Na chmod haibadiliki kwa sababu NTFS ikipandishwa (mount, yaani kuunganishwa kwenye folda) kwa namna ile ya kawaida ruhusa zake zinaamuliwa wakati wa kupandishwa, sio faili kwa faili.

Kama hiyo eksteno inakaa hapo muda wote, ipandishe mahali pake pa kudumu. Piga lsblk -f uchukue UUID yake, namba ya kuitambulisha diski, halafu sudo mkdir /mnt/picha, unda kundi kama la dada hapo juu, namba ya kundi utaiona kwa getent group ofisi, kisha kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kupandishwa, ongeza mstari mmoja:

UUID=namba_yako /mnt/picha ntfs-3g uid=1000,gid=namba_ya_kundi,umask=007,nofail 0 0

uid ya 1000 mara nyingi ndio ya yuza wa kwanza, hakikisha kwa kupiga id. Hilo neno nofail usilisahau hata kidogo, bila hilo siku utakayowasha kompyuta eksteno haijachomekwa Ubuntu itagoma kuwaka vizuri itakupeleka kwenye kioo cheusi cha dharura. Baada ya hapo share inaelekezwa /mnt/picha, na mhariri anapewa jina lake kwa useradd na smbpasswd kama tulivyofanya kwa mapokezi.

Picha_za_Harusi:

Mhariri amefungua, anavuta picha kwa waya sasa hivi na inakwenda kasi kuliko tulivyokuwa tunazungushana na flashi. Swali tu, niliitoa eksteno kwa mkono nikaandika fstab, nikairudisha haikupanda yenyewe mpaka nilipoiwasha upya kompyuta. Ni kawaida?

Fundi_Terminali:

Ni kawaida, ukiandika fstab mfumo unakuwa bado na orodha ya zamani. Piga sudo systemctl daemon-reload halafu sudo mount -a, inapanda bila kuzima. Na fanya hivyo kila unapogusa fstab KABLA hujawasha upya, kama kuna herufi umekosea mount -a itakwambia mstari gani ukiwa bado ndani ya mashine yako. Na kabla ya kuichomoa sudo umount /mnt/picha, usubiri irudi kimya, hasa mhariri akiwa bado anaandika humo, NTFS ikichomolewa katikati ya kazi Ubuntu inaweza kuipandisha kwa kusoma tu mpaka uipeleke kwenye Windows ikakaguliwe kwa chkdsk.